Tufikieni kabla ya jeneza: barua ya wazi kwa maaskofu na wachungaji wetu

Kwa Mababa Maaskofu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania na wa Jumuiya ya Kikristo Tanzania. Kwa viongozi wa makanisa ya Kipentekoste. Kwa walezi wa seminari na wakuu wa vyuo vya theolojia. Kwa maparoko, wachungaji, makatekista, wainjilisti na wazee wa kanisa.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni muuguzi. Nimelelewa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na nimeolewa kwa Wakatoliki, kwa hiyo nyumba zote mbili ni zangu. Kazi yangu ni kuwahudumia majumbani watu ambao ugonjwa wao hautapona: saratani iliyosambaa, figo zilizogoma, moyo uliochoka, kiharusi kilichomlaza mzee asiinuke tena. Kitaalamu inaitwa tiba shufaa. Ukiingia ndani ya nyumba ni kumwangalia mtu asiumie, asinuke, asiogope, asiachwe peke yake mpaka siku yake ifike. Wengi wa hao ni waumini wenu.

Ninaandika kwa sababu ya jambo ninaloliona huku Kilimanjaro, na wenzangu wa mikoa mingine wananiambia wanaliona vilevile. Mtu akishakufa, Kanisa linafika kwa nguvu zake zote. Mtu akiwa anakufa, Kanisa linachelewa, au halifiki.

Kwenye msiba hatuna upungufu. Turubai linafungwa kabla ya giza, akina mama wanaleta masufuria, jumuiya inakesha, daftari la rambirambi linafunguliwa, kamati inagawana kazi: huyu jeneza, huyu mochwari, huyu gari, huyu wapishi. Kwaya inapangwa. Padri au mchungaji anatafutiwa nafasi kwenye ratiba yake, na karibu kila mara nafasi inapatikana. Siubezi utaratibu huu hata kidogo. Sijakutana na mjane aliyetamani kumzika mumewe bila watu. Ninachouliza ni kwa nini mtu huyohuyo alilala tangu Kwaresima hadi mvua za vuli, nyumba ikijulikana na simu ikiwepo, na nafasi isipatikane.

Nilimhudumia mzee mmoja aliyewahi kuwa mzee wa kanisa. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya kiuno. Siku za mwisho binti yake alikuwa akilowesha pamba na kumfuta midomo, maana kumeza kulishamshinda. Kila nilipoingia aliniuliza jambo moja, na halikuwa la dawa: "Mwanangu, mchungaji amesema lini?" Mzee wa kanisa wa mtaa alipigiwa simu, akajibu kwa upole kabisa kwamba mchungaji yuko kwenye semina, akirudi kuna kipaimara, baada ya hapo mavuno. Mzee alifariki usiku wa kuamkia Alhamisi. Jumamosi mchungaji alikuja na vazi lake, akahubiri vizuri, akasema marehemu alikuwa nguzo ya usharika. Baadaye binti alinieleza kwamba baba yake alikuwa na neno la kumwambia mchungaji, la ugomvi wa mpaka kati yake na mdogo wake, ambalo hakutaka kuwabebesha watoto. Amekufa nalo. Sasa watoto wa pande zote mbili hawasalimiani, na hakuna anayejua mzee alitaka lisuluhishwe vipi.

Walutheri wenzangu, hili lilishaandikwa kwetu zamani. Mwaka 1519 Martin Luther alitoa mahubiri juu ya kujiandaa kufa. Ushauri wake wa kwanza kabisa unahusu mali: mtu apange vitu vyake mapema, ili asiwaachie nduguze ugomvi. Wa pili ni kuagana kwa kusamehe na kuomba msamaha. Ndipo anaendelea na mengine, ya kumtazama Kristo na kushika sakramenti. Mambo hayo yote yanafanyika mgonjwa akiwa na akili zake, na yanahitaji mtu wa kukaa naye. Huwezi kuyafanya Jumamosi saa saba mchana, jeneza likiwa mbele na MC akikuonyesha saa.

Kwa upande wa Wakatoliki, sheria iko wazi kuliko mazoea yetu. Kanuni ya 529 ya Sheria ya Kanisa ya 1983, ikieleza wajibu wa paroko, inamtaka awasaidie wagonjwa, hasa walio karibu na kufa. Kanuni ya 530 inaweka komunyo ya njiani, ile ya mwisho kwa anayekaribia kufa, na mpako wa wagonjwa kati ya huduma alizokabidhiwa yeye kwa namna ya pekee, pamoja na mazishi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishafundisha mwaka 1963 kwamba mpako huu haukuwekwa kwa ajili ya wale tu wanaokata roho. Lakini nyumba nyingi ninazoingia, familia bado inaogopa kumwita padri, kwa sababu mgonjwa akiona mafuta mlangoni atajua ameshahesabiwa. Hofu hiyo haitaondolewa na tangazo la Jumapili. Itaondoka padri akizoeleka: aje mapema, aje tena, akae, anywe chai, aondoke mgonjwa akiwa bado anaongea. Nimeliona likitokea kwenye parokia moja ambayo paroko wake ameweka siku maalumu ya wagonjwa na haiahirishi. Kule watoto wanamkimbilia wanapoiona pikipiki yake, na hakuna anayedhani amekuja kuleta kifo.

Sasa niseme juu ya kadi, maana ndiyo inayowaumiza watu kuliko yote.

Mtu anafariki. Wafiwa wanakwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya au ofisi ya usharika, na swali linaloanza ni la kadi. Zaka imelipwa hadi lini? Ahadi ya jengo je? Jumuiya alikuwa anahudhuria? Nimeona watoto wakichangishana harakaharaka kulipa bahasha ambazo baba yao hakuzirudisha, ili apate ibada, maiti ikiwa mochwari na kila siku ikiongeza deni. Nimeona pia marehemu akisomewa sala na jirani kwa sababu viongozi walikataa kuja, na mama yake mzazi akiuliza mwanangu amemkosea nani.

Najua sababu zinazotolewa na sizipuuzi. Parokia inaendeshwa kwa sadaka za waumini, mwinjilisti anasubiri posho yake, paa linavuja. Ni kweli pia kwamba wapo wanaolikumbuka Kanisa siku ya kuzikwa tu, na kiongozi wa jumuiya anayeamka alfajiri kila wiki kusali na wenzake ana haki ya kuumia. Lakini dawa ya uchungu huo haipatikani kwenye jeneza. Aliyekosea hayupo tena, na anayeadhibiwa ni mjane.

Kanuni ya 1181 inaonya kwamba katika mazishi pasiwe na upendeleo, na maskini wasinyimwe maziko yanayostahili. Kanuni ya 1184 inawataja wanaoweza kunyimwa, nao ni wachache: walioikana au kuiasi imani waziwazi, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangewakwaza waamini. Zaka haimo. Kuchelewa jumuiya hakumo. Hata hao waliotajwa wananyimwa ikiwa tu hawakutoa ishara yoyote ya toba kabla ya kufa, na penye shaka lazima lipelekwe juu, kwa askofu.

Mababa, naomba mtulie hapo kwenye ishara ya toba. Ishara inahitaji mtu wa kuiona. Nimemhudumia mwanamume aliyeishi na mama wa watoto wake bila ndoa tangu ujanani. Kwa wiki nyingi alilala akigeukia ukuta na rozari mkononi. Alimwita mama huyo mbele ya watoto akamwomba msamaha kwa kumwahirishia ndoa kila mwaka. Alikuwa anataka padri aje awafungishe pale kitandani. Sisi tuliokuwemo chumbani tuliyaona hayo yote. Usiku wa msiba, walioketi kuamua azikweje walikuwa ni watu ambao hawakuwahi kuingia katika chumba kile, na walichokuwa nacho mkononi ni daftari. Kanisa lililoweka masharti ya toba linawajibika kuwepo mahali toba inapotokea. Na mara nyingi sana inatokea kitandani, usiku, kwa sauti ya chini.

Niguse kwa ufupi wale waliojiua. Sheria ya Kanisa ya 1917 iliwaorodhesha waliojiua kwa makusudi kati ya wasiozikwa kikanisa. Ya 1983 haiwataji tena, na Katekisimu inakiri kwamba maradhi makubwa ya akili, hofu kuu au mateso hupunguza uzito wa wajibu wa mtu, na inatuambia Kanisa huwaombea. Bado naingia kwenye nyumba zilizoambiwa kijana wao azikwe kimyakimya, bila kengele na bila msalaba. Tafadhali waandikieni viongozi wa vigango na mitaa, kwa Kiswahili chepesi, wajue.

Kwa ndugu zangu wa makanisa ya maombezi naomba mnisikilize kwa upendo, kwa sababu mara nyingi ninyi ndio mnaofika mapema kuliko wote. Mnakuja bila kuuliza kadi. Mnakuja usiku. Mungu awabariki kwa hilo. Lakini kuna namna ya kuomba inayomfunga mgonjwa mdomo.

Mama mmoja alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Wengi wenye ugonjwa huu hufika hospitali za Ocean Road, Bugando au KCMC ukiwa umeshakomaa, na yeye alikuwa mmoja wao. Kidonda cha namna ile hutoa harufu ambayo mgonjwa mwenyewe anaisikia na kuionea aibu. Tunachofanya ni kusaga vidonge vya metronidazoli, vile ambavyo watu huvijua kwa jina la Flagyl, na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda. Siku chache harufu inapungua na mtu anaweza kupokea wageni. Waombaji walikuja kabla hatujafika hapo. Walisimama mlangoni, wakakemea roho ya mauti hadi majirani wakatoka nje, wakamwambia atamke kwamba amepona. Akatamka. Walipoondoka alinishika mkono, akaniuliza nani atamlipia ada mwanawe wa mwisho, na kama Mungu amemkasirikia ndiyo maana haponi. Mbele ya waombaji hakuthubutu kulitaja neno kufa, asije akaonekana hana imani.

Swali lile lilikuwa la mtumishi wa Mungu. Lilinifikia mimi kwa sababu mimi ndiye pekee niliyemruhusu kuuliza. Ombeeni uponyaji, sipingi. Mimi pia ninaomba. Mkishaomba, ketini. Mwulizeni anaogopa nini. Mwacheni aseme habari za watoto, za shamba, za deni la saluni. Yesu mwenyewe alisema kwa sauti kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akaomba wenzake wakae wakeshe naye, na hakuna aliyemwambia anakiri kushindwa. Na mtumishi yeyote anayemwambia mgonjwa aache dawa ili imani yake ionekane, nawasihi ninyi mnaomsimamia mmzuie leo, kwa jina lake.

Kuna dawa moja ambayo inahitaji kauli yenu kutoka madhabahuni: morfini ya maji. Mgonjwa wa saratani ya mifupa anainywa kila baada ya saa nne, na usiku, wakati wa kulala, hupewa dozi moja iliyo maradufu ya ile ya kawaida ili asiamshwe na maumivu. Inafunga choo, kwa hiyo tunaiambatanisha na dawa ya kulainisha. Ikipimwa vizuri haimuui mtu wala haimwondolei akili. Inamrudishia usingizi, hamu ya kuongea na nguvu ya kusali. Lakini nakuta chupa imefichwa kabatini, haijaguswa, kwa sababu shemeji amesikia ni dawa ya kuulia watu, au shangazi amesema mateso haya ni ya kumtakasa. Tangazo la dakika mbili kutoka kwa paroko lingewapa watu wengi usiku wa amani kuliko ninavyoweza mimi kwa pikipiki na mkoba wangu.

Wala hili si jambo geni kwa Wakristo. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alikuwa muumini aliyefundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana sehemu ya mwili, ya nafsi, ya familia na ya roho, na ukitibu moja ukaziacha nyingine hujatibu. Dk. Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na kufikia 2004 Uganda ilikuwa imebadilisha taratibu zake ili wauguzi waliopata mafunzo maalumu waweze kuwaandikia wagonjwa morfini. Kwetu hapa, hospitali za Kilutheri, kuanzia Selian ya Arusha, ni kati ya waliotangulia kuipeleka huduma hii majumbani. Mikono iliyofanya haya ni mikono ya Kanisa. Inasikitisha kwamba muuguzi wa hospitali ya Kanisa anaingia ndani kwa mgonjwa na mchungaji wa Kanisa hilohilo hajulikani yuko wapi.

Na tuliwahi kuweza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwanzoni mimbari nyingi zilizungumza adhabu, na watu walikufa wakiwa wametengwa hata sahani. Kisha parokia na sharika zikageuka. Akina mama wa jumuiya wakabeba maji na uji, wakaogesha watu ambao ndugu zao walikimbia, wakalea yatima. Wengi wa akina mama hao wako hai na wanajua kazi kuliko kitabu chochote. Hakuna aliyewaomba wawafundishe vijana.

Ninachoomba hakihitaji jengo. Kila jumuiya na kila mtaa uwe na daftari la wagonjwa waliolala, lenye tarehe ya mwisho waliyotembelewa na jina la aliyekwenda, na paroko au mchungaji alikague kila wiki kwa umakini uleule anaokagua nao mahesabu. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipochagua njia ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika miaka ya 1970, walitupa watu wanaojua nani kalala katika nyumba ya ngapi. Taarifa tunazo, zinaishia kwenye maombi ya mwisho wa ibada. Wahudumu wa Komunyo wasio mapadri wapo. Watumwe majumbani, si kusaidia foleni ya Jumapili pekee. WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), umoja wa wanawake wa sharika na vijana wapewe mafunzo ya kukaa na mgonjwa: namna ya kunyamaza, ya kumgeuza bila kumuumiza, ya kusoma zaburi moja fupi badala ya sura tatu, ya kujua wakati wa kuondoka.

Walezi wa seminari na vyuo, mwanafunzi wenu asipewe daraja wala kubarikiwa kabla hajakaa miezi kadhaa wodini chini ya msimamizi. KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, imekuwa ikiwapokea wachungaji wajifunze uchungaji wa hospitalini. Kijana aliyefaulu Kigiriki na hajawahi kumshika mkono mtu anayehema pumzi za mwisho hajamaliza masomo.

Suala la kadi lifungwe kwa waraka wa maaskofu, lisiachwe kwa huruma ya mwenyekiti. Mwenye deni afuatwe akiwa hai, nyumbani kwake, na mtu anayemjua. Akilala, deni lisimame. Akifa, azikwe.

Msaidieni pia mgonjwa kuandika wosia. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, inatunza wosia, na mchungaji akilitaja jambo hilo familia haimshuku kama inavyomshuku muuguzi au mtoto wa kwanza. Msiba ukiisha, mtu wa Kanisa arudi kwa mjane wiki inayofuata, na mwezi unaofuata, wakati ndugu wa marehemu wanapoanza kuulizia kadi ya gari na hati ya kiwanja. Wakati huo turubai limeshafunguliwa na yeye hana wa kumpigia.

Sinodi, mikutano mikuu na mabaraza ya walei yanakaa kila mwaka. Naomba hili liingie kwenye ajenda, na litajiwe mtu wa kulisimamia katika kila dayosisi na kila jimbo. Na padri au mchungaji yeyote wa huku anayetaka kuona ninachokisema anaweza kufuatana nasi kwenye mzunguko wa nyumba. Tunaondoka hospitalini saa mbili asubuhi, na nafasi kwenye gari ipo.

Wenu katika Kristo,

Muuguzi wa wagonjwa wa majumbani, Kilimanjaro